Kijiko cha mbele kwenye trekta la zamani: dalili ziko mbele, chanzo kitafute nyuma

Trekta likiletwa karakana hapa Tanga kwa sababu kijiko cha mbele kimegoma, mwenye trekta huonyesha kidole kule mbele: jeki za haidroliki zinazokinyanyua, paipu, kijiko chenyewe. Mimi huanza kwa kuzunguka nyuma. Naangalia matairi makubwa, naangalia kama kuna uzito wowote umefungwa kwenye mikono ya nyuma, kisha nafungua kijiti cha mafuta cha giaboksi. Mara nyingi jibu liko huko, na hata spana sijaishika.

Sababu yake ni ya asili. Ninayokutana nayo zaidi ni Massey Ferguson 35 na 135, na mara moja moja Ferguson la kijivu, TE20, lile lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Haya yote ni ukoo mmoja, na ukoo huo ulibuniwa uvute jembe. Jembe likizama ardhini, haidroliki ya nyuma inahamishia uzito kwenye matairi ya nyuma, nayo yanashika udongo. Hiyo ndiyo siri ya trekta dogo la tani moja na nusu kulima kama kubwa. Kijiko cha mbele kinafanya kinyume chake kabisa: kinaunyanyua uzito kutoka nyuma na kuushusha mbele, mahali ambapo trekta lina mifupa myembamba kuliko pote. Fundi anayefunga kijiko bila kulijua hilo atarekebisha jeki mwaka mzima.

Basi nitapita dalili moja moja, kuanzia zile zinazoua watu.

Kabla ya kufungua chochote

Shusha kijiko mpaka kilale chini. Zima injini. Chezesha wenzo wa valvu mbele na nyuma mpaka presha iishe kwenye paipu. Kama kazi inalazimu mikono ya kijiko ibaki juu, weka nguzo ya chuma kati ya mkono na fremu, ile inayokaa kwenye shina la jeki na kulizuia lisiingie. Gogo la mnazi halitoshi, na jeki ya gari ndiyo kabisa. Usipapase kwa kidole paipu inayovuja. Mafuta yenye presha hutoka kwenye tundu dogo kama sindano na kupenya ngozi, na jeraha linaweza kuonekana dogo kumbe mkono umeshaharibika ndani. Tumia kipande cha boksi: kitalowa, nawe utajua tundu liko wapi. Ikitokea mafuta yamekupenya, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usingoje uvimbe.

Nyuma inanyanyuka, breki hazishiki

Dereva anasema: "Nikishuka kilima na mchanga, breki hazikamati." Anataka breki zifunguliwe. Breki zake ni nzima. Tatizo ni kwamba trekta hili lina breki kwenye matairi ya nyuma tu, na matairi hayo yamebaki yanaelea.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wasipoamini. MF 135 lina karibu mita 1.83 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Chukua kijiko chenye mchanga wa kilo 450, kilicho mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Kilo 450 mara 1.5, gawa kwa 1.83: karibu kilo 370 zimeondoka kwenye matairi ya nyuma. Zinakwenda wapi? Kwenye ekseli ya mbele, juu ya zile 450 za mzigo wenyewe. Yaani mzigo wa kilo 450 unakuwa kilo 820 kwa ekseli ya mbele, na bado hatujahesabu uzito wa kijiko na mikono yake. Na kilo 450 si mzigo mkubwa. Mchanga uliolowa una karibu tani 1.8 hadi 2 kwa meta moja ya ujazo, hivyo kijiko cha robo meta tayari kimefika hapo. Wakati wa masika mchanga ni ule ule na kijiko ni kile kile, lakini mzigo umeongezeka.

Dawa ni mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni maji ndani ya matairi ya nyuma. Zungusha tairi mpaka pini ya upepo iwe juu kabisa, nyanyua ekseli kidogo kwa jeki, kisha jaza hadi maji yafike kwenye pini. Hapo umejaza kama asilimia 75, na nafasi iliyobaki ni ya upepo. Kila tairi litabeba zaidi ya lita 100. Kule Ulaya huchanganya chumvi maalumu ili maji yasigande. Sisi hatuna baridi hiyo, maji ya bomba yanatosha. Yasiwe ya bahari. Nimeona rimu iliyoliwa mpaka ukigonga kwa nyundo inadondosha maganda, kwa sababu mtu wa pwani aliona maji ya bure yako karibu.

Ya pili ni uzito unaoning'inia nyuma ya trekta, kwenye mikono mitatu. Hizi mbili hazifanyi kazi moja. Maji yamekaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe: yanazuia nyuma isinyanyuke, lakini ekseli ya mbele haipati nafuu hata ya kilo moja. Uzito ulio nyuma ya ekseli ya nyuma ndio unaoipunguzia ya mbele. Zege la kilo 400 likikaa mita moja nyuma ya ekseli, linaondoa kama kilo 220 mbele. Pipa la lita 200 lililojazwa zege linafika karibu kilo 480, na mtu yeyote anayejenga anaweza kulimimina siku moja akiwa ametanguliza vyuma vya kufungia. Kwangu trekta haliondoki na kijiko bila pipa hilo. Wengine hukasirika wakidhani nawaongezea gharama.

Na mzigo ubebwe chini. Kijiko kiwe juu ya ardhi kidogo tu wakati wa kutembea, kipandishwe ukifika kwenye lori. Ekseli ya mbele ya trekta hili inazungukia pini moja ya katikati, haiwezi kulizuia trekta lisilale pembeni mpaka ifike kwenye kizuizi chake. Kijiko kikiwa juu na tairi moja likaingia kwenye shimo, hakuna dereva hodari.

Usukani mzito, spindo zinapinda

Ni ugonjwa ule ule umejitokeza kwingine. Zile kilo 820 zinapita kwenye kingipini, bushi na beringi ndogo za magurudumu ya mbele. Kwanza weka uzito nyuma, ndipo ubadilishe bushi, la sivyo utabadilisha tena baada ya mavuno. Nyanyua mbele, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza na spindo (chuma kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo) imesimama, ni beringi. Likicheza pamoja na spindo, ni bushi. Angalia pia pini ya katikati ya ekseli, ambayo husahaulika kwa sababu iko chini ya uchafu wa grisi.

Matairi ya mbele ya 6.00-16 yawe ya plai 8 kama yanapatikana, na upepo ujazwe kwa kufuata maandishi ya ubavuni mwa tairi. Mzoeze dereva asizungushe usukani trekta likiwa limesimama na mzigo.

Bolti zinalegea, mafuta yanachuruzika katikati ya trekta

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hasara yake ni kubwa kuliko zote.

Lori lina chesisi. Trekta la aina hii halina. Injini yenyewe, giaboksi pamoja na nyumba yake ya klachi, na nyumba ya ekseli ya nyuma vimefungwa kwa bolti, kimoja nyuma ya kingine, na hivyo ndivyo uti wa mgongo wa trekta ulivyo. Kijiko kikisukumwa kwenye lundo la kokoto, nguvu yote inapita kwenye viungo hivyo. Chuma chake ni cha kusubu, kigumu lakini hakipindi: kinapasuka.

Kijiko cha kwanza nilichofunga, nilikifunga vibaya. Lilikuwa MF 35 lililokuwa likifanya kazi kwenye mkonge, mwenyewe akalinunua ili apakie chokaa na mabaki ya mkonge kwa ajili ya mbolea. Nilitengeneza fremu nzuri ya chuma, nikaifunga mbele kwenye kitako cha ekseli na kuiishiliza kwenye bolti za nyumba ya klachi. Ilionekana imara. Baada ya wiki tatu mzee alirudi.

"Fundi, kuna mafuta yanadondoka chini ya klachi."

"Shikamoo mzee. Mengi?"

"Marahaba. Asubuhi nakuta kama sahani."

Nikakaza bolti, nikadhani ni gasketi. Wiki iliyofuata klachi ikaanza kukata vibaya. Tulipotenganisha trekta katikati, tukakuta ufa kwenye nyumba ya klachi, umeanzia pale pale nilipofunga fremu yangu. Nilimnunulia nyumba nyingine kwa fedha yangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu na yeye alikuwa ameniamini.

Fremu ya kijiko lazima ikimbie urefu wote wa trekta: ishike kitako cha mbele na ifike hadi kwenye nyumba za ekseli ya nyuma, pande zote mbili. Ndipo msukumo wa kijiko unapokwenda moja kwa moja kwenye matairi yanayosukuma, bila kupita kwenye tumbo la trekta. Pande hizo mbili ziunganishwe kwa chuma cha kukingama chini ya injini. Bila kiungo hicho kila upande unacheza peke yake, na utaona dalili nyingine: kijiko kinapanda kimeinama upande mmoja. Watu hulaumu jeki moja kuwa dhaifu, kumbe jeki zote mbili zinapata presha moja na fremu ndiyo inayojinyonga.

Bolti ziwe za alama 8.8 au zaidi kichwani. Usichomelee kitu chochote kwenye chuma cha kusubu cha trekta. Baada ya saa za kwanza za kazi rudi ukaze bolti zote, kisha kagua kila wiki. Ukipaka mstari wa rangi unaopita kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu, bolti iliyolegea itajitangaza yenyewe.

Kijiko hakipandi kabisa

Uliza kwanza: kinatumia pampu gani? Kuna njia mbili. Ama kinakunywa kwenye pampu ya ndani ya trekta, ama kimefungiwa pampu yake mbele, inayozungushwa na puli ya krenki, yenye tangi lake.

Kama ni pampu ya ndani, kumbuka kwamba inakaa nyuma, ndani ya mafuta, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayotokeza nyuma kuzungusha vifaa. Kwenye TE20 wenzo wa PTO usipoingizwa, pampu haizunguki. Na kwa kuwa klachi yake ni ya hatua moja, ukikanyaga klachi ili ubadilishe gia, kijiko kinasimama hapo hapo. Huo si ubovu, ndivyo lilivyotengenezwa. MF 35 na 135 zenye klachi ya hatua mbili ni afadhali: kanyaga nusu, trekta linasimama na pampu inaendelea. Dereva anayekanyaga mpaka chini atalalamika kila siku kwamba kijiko kinakatika katikati ya safari.

Kisha tazama mikono ya nyuma. Ikiwa inapanda yenyewe huku kijiko kimelala, mafuta yamechagua njia rahisi. Kwenye 35 na 135 wenzo wa pozisheni, ule wa kupangia kimo cha mikono ya nyuma, una sehemu ya mwisho, kupita kizuizi, ambapo pampu inasukuma mfululizo. Bila kuufikisha hapo, mikono ya nyuma ikifika juu pampu inanyamaza, na kijiko hakipati kitu. Fundi aliyeunganisha paipu awe ameweka valvu ya kufunga njia ya mikono ya nyuma, na pipa la zege lishikiliwe na vyuma vya kukaza, lisitegemee mafuta.

Kama ni pampu ya mbele na imefungwa jana, shuku mwelekeo. Pampu ya gia ina upande wake wa kuzunguka. Iliyounganishwa moja kwa moja na krenki kwa mbele huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kwenye ncha ya shafti yake. Ukinunua ya upande mwingine haitavuta mafuta, na presha itarudi kuisukuma sili ya shafti mpaka itoke.

Kinapanda, lakini kwa kusinzia

Chukua saa. Jeki mbili zenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 na mwendo wa sentimita 60 zinahitaji karibu lita 2.4 za mafuta kupanda hadi juu. Pampu ikitoa lita 15 kwa dakika, hiyo ni kama sekunde 9 au 10. Pampu za ndani za matrekta haya ni ndogo, hivyo usitegemee kasi ya mtambo wa kisasa. Lakini kama kijiko kitupu kinachukua sekunde 20 injini ikiwa imeongezwa moto, kuna kitu.

Kitu hicho mara nyingi ni mafuta kupungua. Pampu ya ndani inatumia mafuta yale yale ya giaboksi na difu. Jeki zikijaa, kiwango kinashuka, na trekta likiwa limeinama kilimani pampu inaanza kunywa hewa. Inalia kama filimbi, mafuta yanakuwa na povu, kijiko kinapanda kwa kushtukashtuka. Pima mafuta kijiko kikiwa chini, kisha kumbuka ni lita ngapi zitakwenda kwenye jeki.

Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, yatie kwenye chupa inayoonyesha ndani uiache usiku mzima. Yakiwa safi asubuhi, ilikuwa hewa. Yakibaki meupe au maji yakijitenga chini, mvua imeingia, na mlango wake mkubwa ni mpira uliochanika kwenye mti wa gia. Trekta linalolala nje tangu vuli mpaka masika litakuwa na maji. Mwaga yote, badilisha, weka mpira mpya. Nailoni iliyofungwa kwa kamba inakaa wiki moja.

Halafu sikiliza saa ya ugonjwa. Mzee mmoja wa Muheza aliniambia, "Asubuhi kizima, mchana ndiyo kinalala." Maneno yale yalitosha. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi na kupenya pale pampu au valvu ilipolika. Kama ingekuwa kinyume, kizito asubuhi na chepesi mchana, ningefungua chujio la upande wa kuvuta kwanza. Kwa pampu ya mbele, kagua pia paipu ya kuvutia: iwe yenye waya ndani, maana ya kawaida hunywea ikivutwa na kujifunga.

Kitupu kinapanda, chenye mzigo kinagoma

Funga geji ya bar 250 kwenye njia ya presha, pandisha kijiko mpaka mwisho, shikilia wenzo sekunde mbili tatu na usome. Kwa bar 140, jeki moja ya milimita 50 inasukuma kama tani 2.8. Kama geji inafika mahali valvu ya usalama ilipopangwa na mzigo bado haunyanyuki, basi haidroliki ni nzima na mzigo umezidi. Kama haifiki, kuna uvujaji kwenye pampu, valvu ya usalama au sili.

Kuna tabia ya kuweka washa nyuma ya springi ya valvu ya usalama ili presha iongezeke. Usikubali. Valvu hiyo ndiyo inayolinda paipu, jeki na ekseli ya mbele, na ukiiziba kitakachofuata kupasuka kitakuwa karibu na uso wa dereva.

Kinashuka chenyewe

Vijiko vya zamani vingi vina jeki za upande mmoja: mafuta yanasukuma juu, uzito unarudisha chini. Jeki ya namna hiyo haifichi. Upande wa pili una tundu la kupumulia, na sili ikiisha mafuta yatatokea hapo. Tundu likiwa kavu na paipu zote kavu, chanzo ni valvu. Chora mstari wa chaki kwenye shina la jeki, acha kijiko kitupu juu kwa dakika 10 bila mtu karibu, uone kimeshuka kiasi gani.

Sili zinazoisha kila baada ya miezi michache zina maana shina limeota kutu na linazikwangua. Hewa yetu ya chumvi, kuanzia Pangani mpaka Mkinga, haina huruma na shina lililoachwa nje. Laza kijiko chini kila jioni ili mashina yaingie ndani, na yale ya kupindulia kijiko, ambayo yanaweza kubaki nje, yapake grisi. Lenye vishimo vya kutu lipelekwe kwa fundi wa mashine ya kukereza kabla ya kununua sili nyingine.

Injini inachemka

Vumbi la chokaa na nyuzi za mkonge zimeziba rejeta, na fremu ya kijiko imeufanya usafi kuwa mgumu. Pulizia kwa upepo kutoka upande wa feni kwenda mbele. Ukiwa bado unachora fremu, hakikisha boneti itafunguka na mkono wako utafika kwenye chujio la mafuta na kijiti cha kupimia bila kufungua bolti hata moja, kwa sababu dereva asiyefikia kijiti hatapima mafuta.